Kumshuhudia Uongo Chifu Mangungo

Juni nilikwenda Mabwerebwere kumwona dada yangu. Jioni ya kwanza, kabla hata sijamaliza chai, mpwa wangu akaja na daftari. Yuko darasa la tano, wanasoma somo linaloitwa Historia ya Tanzania na Maadili. Swali lilitaka sababu zilizofanya Chifu Mangungo wa Msovero adanganywe na Mjerumani Carl Peters. Majibu yalikuwa yameshanakiliwa kutoka ubaoni: hakujua kusoma na kuandika, alipenda zawadi. Vema mbili, kalamu nyekundu. Kwa hiyo hakuja kuomba msaada wa zoezi. Aliuliza, "Mjomba, kwani babu zetu walikuwa wajinga?"

Ukiwa Dar es Salaam swali hilo unalijibu kwa utani na maisha yanaendelea. Kule huwezi. Msowero ni kata ya wilaya yetu hiyohiyo ya Kilosa, watu wana mashemeji huko, wana na madeni. Kwa mtoto wa Mwanza Mangungo ni jina la kwenye kitabu. Kwa mtoto wa Kilosa ni jirani aliyetangulia. Na ni mimi niliyemkaririsha huyu mtoto amri kumi, siku zile nilipokuwa nikifundisha shule ya Jumapili. Imo inayokataza kumshuhudia jirani uongo. Waanglikana huihesabu ya tisa, Wakatoliki na Walutheri ya nane, lakini ni ileile. Nilikuwa sijawahi kujiuliza kama jirani akifa amri hiyo inakoma.

Tuanze na yale yanayojulikana. Novemba 1884 Peters alifika Zanzibar pamoja na Karl Jühlke na Joachim von Pfeil, kwa majina yasiyo yao, wakijifanya mafundi. Wakavuka kwenda bara, wakapanda mpaka Usagara, na katika wiki chache wakawa wamekusanya mikataba kumi na kitu. Ule wa Msovero una tarehe ya 29 Novemba na unajiita mkataba wa urafiki wa milele. Ndani yake Mangungo anatoa nchi yake pamoja na haki zote za utawala kwa chama cha ukoloni wa Kijerumani, ambacho Peters alikuwa mwakilishi wake. Hayo watoto wanafundishwa.

Sehemu isiyofika darasani iko mwishoni mwa karatasi. Pale mkataba unadai kwamba maneno yote yalifafanuliwa kwa chifu waziwazi na mkalimani aitwaye Ramazan. Halafu unadai kwamba chifu, alipoulizwa, alijibu kuwa hayuko chini ya Sultani wa Zanzibar kwa namna yoyote, na wala hajui kama mtu huyo yupo duniani.

Tulieni hapo kidogo. Ni mwaka 1884. Misafara ya kutoka Bagamoyo kwenda Mpwapwa, Tabora na Ujiji imekuwa ikikatiza nchi za Usagara kwa miongo, na pembe, na vitambaa, na watu waliofungwa minyororo. Halafu chifu mwenye watu wake hajapata kusikia kwamba Zanzibar kuna Sultani? Nilimweleza dada yangu kifungu hicho akiwa anapepeta mchele. Hakuacha hata kupepeta. "Basi aliyeandika ndiye mwongo," akasema.

Ndiyo hoja yangu yote, na aliifikia kabla yangu. Sentensi ile haikuandikwa kwa ajili ya Msovero. Iliandikwa ili isomwe Berlin, kwa sababu huko Peters alihitaji kuonyesha kwamba nchi haina bwana mwingine wa kuidai. Ilifanya kazi yake: tarehe 27 Februari 1885, siku moja tu baada ya mkutano wa Berlin kufungwa, serikali ya Kaisari ilimpa hati ya ulinzi. Sasa jiulize, mambo tunayoyasema juu ya Mangungo tumeyapata wapi? Kwamba alikubali nini, alielewa nini, alisema nini siku ile? Kwa Peters. Shahidi ni mmoja, na shahidi mwenyewe ndiye aliyeondoka na mali. Torati, katika Kumbukumbu la Torati 19, haikubali mtu ahukumiwe kwa kinywa cha shahidi mmoja. Sisi tumemhukumu Mangungo kwa ushahidi wa aliyemwibia, tukaweka hukumu hiyo kwenye daftari la mtoto na kuipigia vema.

Mtu ataniambia: hata hivyo, kama angejua kusoma asingedanganywa. Sawa. Tumtazame basi aliyejua kusoma. Sultani Barghash alikuwa na makarani, alikuwa na barua za mabalozi, alikuwa na wakalimani wake mwenyewe. Aliielewa vizuri hati ya Kaisari, na Aprili 1885 akaandika kuipinga. Agosti manowari za Kijerumani zikatia nanga mbele ya Zanzibar, akasalimu amri. Elimu aliyokuwa nayo haikumfaa kitu mbele ya mizinga. Kwa nini hatuandiki ubaoni kwamba Barghash alinyang'anywa kwa sababu alikuwa mjinga?

Mabwerebwere wanalijua jambo hili bila kusomea. Mnunuzi anakuja na gunia, linashonewa kilemba juu, lumbesa, na mkulima anaona kwa macho yake kwamba debe moja zima linakwenda bure. Anajua. Anauza hivyohivyo, kwa sababu ada ya mtoto inatakiwa Jumatatu na mnunuzi mwingine hayupo. Hapo tatizo si kujua kuhesabu. Tukimwita huyo mkulima mjinga tunamtukana mara mbili, na yule wa gunia tunamwachia sifa ya ujanja.

Nilibishana na mzee mmoja jirani wa dada yangu, mwalimu mstaafu, mtu ninayemheshimu tangu utotoni. Yeye anasema hadithi ya Mangungo inawafundisha watoto kuwa macho, na kwamba taifa lisilojua kujicheka halijifunzi. Ana haki kwa sehemu. Kila ukizuka ubishi wa mkataba, wa madini, wa gesi, wa bandari kama ule wa 2023, jina la Mangungo ndilo wananchi wanalomrushia aliyesaini, na ni vyema viongozi waliogope. Lakini kiongozi wa leo ana wanasheria, ana bunge, ana muda wa kusoma. Kumlinganisha na Mangungo ni kumpendelea kiongozi. Na kuna jambo linaniuma zaidi: mtoto akishaamini kwamba wazee wake walipoteza uhuru kwa ujinga, anahitimisha mwenyewe kwamba uhuru ni wa wenye akili. Anayefaulu anastahili kuwa huru, anayefeli astahimili. Imani niliyolelewa nayo inasema vingine. Inasema mtu ni huru kwa kuwa ni mfano wa Mungu, awe na cheti au hana, na anayemdanganya asiyesoma ana dhambi kubwa zaidi kuliko anayemdanganya msomi.

Biblia yenyewe ina kisa kama hiki. Katika Yoshua sura ya 9 Wagibeoni wanakuja na mikate iliyokauka, viriba vilivyochakaa na viatu vyenye viraka, wanajifanya wametoka mbali, na Yoshua anafanya nao agano. Yoshua! Kiongozi mwenye sheria iliyoandikwa mkononi. Wiki haijapita wanagundulika kuwa ni majirani. Katika miaka yote ya kukaa kanisani sijasikia mhubiri akimwita Yoshua mjinga. Tunachofundishwa pale ni kwamba neno lililotolewa lilishikwa, ingawa lilipatikana kwa hila. Mangungo, kama alifanya urafiki, sijaona popote palipoandikwa kwamba aliuvunja yeye.

Na kwa kuwa tumeingia kanisani, watoto wa shule ya Jumapili waambiwe na hili: Carl Peters alikuwa mtoto wa mchungaji wa Kilutheri. Bila shaka alizijua amri kumi kabla ya mpwa wangu. Wamisionari wa Kianglikana wa CMS walikuwa tayari na kituo Mamboya kabla yeye hajafika, kwa hiyo katika nchi hizi mgeni mweupe aliyetaka kukaa na watu kwa amani hakuwa kioja. Najua wapo watakaoona kwamba kuwaambia watoto hivyo ni kuwadhoofisha imani. Mimi naogopa zaidi siku watakapoyasoma wenyewe kwenye simu na kugundua kwamba tulijua.

Nilimweleza mpwa wangu haya yote siku ya tatu, tukiwa njiani kwenda mashineni, yeye na baiskeli, mimi na mazungumzo marefu. Alisikiliza vizuri. Halafu akauliza swali ambalo sikuwa nimejiandaa nalo: "Sasa kwenye mtihani niandike ipi?"

Nikanyamaza hatua kadhaa. Kama nikimwambia aandike ya kwangu, atakatwa alama, na alama ndizo zitakazomtoa au kumbakiza. Nikamwambia aandike ya ubaoni. Nilisema kwa haraka, kama mtu anayelipa nauli asiyokubaliana nayo. Mjomba kwetu ni mtu mkubwa, neno lake halirudiwi, na nilijua kwamba nimemfundisha mtoto kutia saini kitu asichokiamini. Mpaka leo sijapata jibu jingine la kumpa.

Yeye hakuonekana kusumbuka. Aliegemeza baiskeli kwenye mwembe, akashusha debe la mahindi, akasimama kwenye foleni nyuma ya akina mama. Kelele za mashine zilikuwa nyingi, ikabidi aninong'oneze sikioni.

"Mjomba, yule Ramazan. Yeye si alijua lugha zote mbili?"

Nikamwambia ndiyo, ndivyo karatasi inavyosema.

"Alimwambia nini chifu?"