UKUNJUFU WA USO NI SEHEMU YA AMANA

Alhamdulillahi Rabbil-aalamin, na rehema na amani zimfikie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baad:

Ndugu zetu Waislamu, wengi wetu hudhani kuwa aliyepewa kazi ametimiza amana yake akifika kwa wakati na asipokula rushwa. Hayo ni ya lazima, lakini hayatoshi.

Mjane mwenye watoto huja afisini kuulizia fungu lake la mirathi. Karani hainui kichwa katika karatasi zake. Haiitikii salamu yake. Humjibu neno moja, nalo la ukali. Mama yule hutahayari, akaenda zake asirudi tena, na nyumba ikagawanywa pasi na thumuni yake. Karani hakuiba kitu, lakini haki ya mtu imepotea mbele ya meza yake.

Na tuitazame sura ya 80 katika Qurani Tukufu. Abdallah bin Ummi Maktum, naye ni kipofu, alimjia Mtume (s.a.w.) kutaka kufunzwa, hali Mtume akizungumza na wakubwa wa Makuraishi, akitumai watasilimu. Nia ilikuwa njema, lakini alikunja uso. Kipofu hakuuona mkunjo ule. Mwenyezi Mungu aliuona, na akateremsha mawaidha yasomwayo hata leo. Baadaye Mtume alimtukuza, na akimwacha Madina kusalisha watu yeye anaposafiri. Naye sahaba Jarir bin Abdallah alisimulia kuwa tangu aliposilimu, Mtume hakumwona ila alitabasamu.

Sayyidna Umar naye alipopata habari kuwa Saad bin Abi Waqqas, liwali wake wa Kufa, amejenga nyumba yenye lango limtengalo na raia, imepokewa kuwa alimtuma Muhammad bin Maslama akalichome moto lango lile. Saad ni katika sahaba kumi waliobashiriwa Pepo. Lakini hata mtu mwema hapasi kuwafungia watu mlango. Na uso uliokunjwa ni lango pia.

Huenda mtu akasema: "Nikikunjua uso nitazoewa, na kazi yataka haiba." Twamjibu: haiba yatokana na uadilifu, si na ukali. Neno "hapana" laweza kusemwa kwa upole, na sheria isipinde hata kidogo. Wala ukunjufu si wa kupewa mwenye koti akanyimwa mwenye kanzu ya kiraka.

Basi na tuyashike haya: kuitikia salamu kwa ukamilifu; kuinua macho; kumpa mkongwe kiti; kumweleza tena asiyefahamu; na ikiwa haja yake si kwetu, kumwelekeza kwa maneno mazuri mahali itakapotimizwa.

Na sisi masheikh na walimu wa vyuo ndio wa kwanza wa kuhojiwa. Mwanafunzi aogopaye kuuliza hurudi nyumbani na ujinga wake. Na mume amwogopaye sheikh wake hukaa na mke asijue kama talaka imepita au haikupita. Mtume ametufunza kuwa tabasamu mbele ya ndugu yako ni sadaka. Ni nani katika sisi aliye maskini hata ashindwe na sadaka hii?

Mwenyezi Mungu atulainishe nyoyo, na atujaalie tuwe milango iliyo wazi kwa waja wake. Amin.

Wabillahi tawfiq.