Kutoa ni Moyo, Usambe ni Utajiri

Methali hii hutajwa mno katika mikutano ya michango, aghalabu na mshereheshaji mwenye sauti kubwa anayetaka watu wafungue mifuko yao, hata imekuwa kama kengele ambayo kila mtu huisikia wala hapana anayeifikiri. Wengi huichukua kuwa ni maneno ya kumliwaza maskini, kwamba mwenye kidogo naye aweza kutoa na asione haya. Maana hiyo imo, wala siikanushi. Lakini ndiyo nyepesi kuliko zote, na wahenga wa pwani, waliotia katazo ndani ya maneno sita tu, hawakulitia bure. Wapo watu wanaokatazwa kusema kwamba kutoa ni utajiri. Wa kwanza ni yule mwenye udhuru mdomoni, asemaye kwamba angekuwa nacho angetoa. Wa pili ni tajiri ambaye akiisha kutoa hudhani kuwa kilichotoa ni mali yake. Hawa wawili, ingawa hawafanani kwa hali, kosa lao ni moja: wote wamekiondoa kitendo cha kutoa mahali pake, yaani katika nia ya mja, wakakiweka katika sanduku la fedha, mmoja apate kujizuia na mwingine apate kusifiwa.

Ili ijulikane kama methali yasema kweli, yafaa ipimwe mahali ambapo mtoaji hana cha kutaraji, na sijui mahali pagumu kuliko mchango wa rafiki ambaye matabibu wamekwisha kukiri kwamba maradhi yake hayana dawa. Nami napenda kuipima mpakani mwa Kenya na Uganda, kati ya Busia na Tororo, kwa sababu huko hata urafiki huvuka sheria za nchi mbili. Mwaka 1902 Waingereza walilikata jimbo la mashariki la Uganda wakalitia katika himaya yao ya Afrika Mashariki, ambayo baadaye ikawa Kenya, na Wasamia na Waiteso, bila kuhama nyumba zao, wakajikuta wana ndugu katika nchi nyingine. Tangu hapo mtu wa Busia huoa upande huu akalima upande ule, huuza asubuhi kwa fedha moja akanunua jioni kwa nyingine, na akiugua, wale wanaopaswa kumfaa wametawanyika chini ya bendera mbili. Boda boda wenyewe, ambao leo wamejaa Afrika Mashariki nzima, walianzia huku kwa baiskeli katika miaka ya 1960, wakibeba watu na mizigo kuvuka mpaka.

Nilihudhuria mchango wa namna hiyo nyuma ya vibanda vya soko upande wa Kenya, wa kumchangia mchuuzi wa dagaa, wale waitwao omena upande mmoja na mukene upande wa pili, ambaye alikuwa amelala kwa dada yake Tororo na saratani ya koo, hamezi ila uji mwembamba. Juu ya meza paliwekwa beseni la plastiki na daftari la mistari. Noti zilizoingia zilikuwa za nchi mbili, naye mweka hazina akazitenga mafungu mawili, kila fungu chini ya jiwe lake zisipeperushwe na upepo. Kisha akaitwa mbadilishaji fedha, mmoja wa wale wanaokaa karibu na lango la forodha wakiwa na vitita mkononi, akazigeuza zote ziwe za Uganda kwa bei ile ile aliyozinunulia yeye, pasi na kuchukua faida hata ya senti. Jina lake halikuandikwa, kwa kuwa daftari halikuwa na safu ya kuandikia faida iliyosamehewa.

Daftari lenyewe lastahili kutazamwa, maana ndani yake imo falsafa nzima ya michango yetu. Huandikwa jina na kiasi, na sababu, ijapokuwa haitamkwi, yajulikana: kesho binti yako akiolewa au mzee wako akifariki, daftari litafunuliwa nawe utarudishiwa kwa kadiri ulivyotoa. Sidharau desturi hiyo, kwani ndiyo bima ya wasio na bima. Kule Ankole na Kigezi, magharibi ya Uganda, vyama vya engozi vilianza kwa watu kubebana kwa zamu katika machela, kwenda hospitali kupitia milima isiyo na barabara, na hapana aliyebebwa ambaye hakujua kwamba kesho atabeba. Lakini tukisema kweli, huko ni kukopeshana, nako kukopeshana ni tawi la utajiri, hata kama wakopeshanao ni mafukara. Mgonjwa asiyetarajiwa kupona huivuruga hesabu hiyo yote. Hatakuja katika arusi yako, wala hatashika machela yako. Ukimwandika katika safu ya wadeni, deni lake limekwisha kufutika kabla ya wino kukauka. Anayemchangia ilhali ayajua hayo ametoka katika biashara, na chochote akitoacho tangu hapo hakiwezi kuwa kimetoka mahali pengine ila moyoni. Seuze yule mwenye kutoa faida yake na jina lake lisiandikwe!

Tazama basi jinsi tunavyoyapindua mambo. Mtu yule yule ambaye alipokuwa hai alikosa nauli ya kwenda zahanati, akiisha kufa hupata hema, viti vya kukodi, vipaza sauti, ng'ombe wa kuchinjwa na jeneza lenye kioo. Na waliopeleka mia mbili alipokuwa akiugua hupeleka elfu mbili siku ya maziko. Huruma haikuongezeka. Maziko yana watazamaji, yana orodha inayosomwa hadharani, tena yana mwisho unaojulikana, ilhali maradhi marefu hayana hata kimoja katika hivyo, na chumba cha mgonjwa kina harufu. Serikali ya Kenya iliwahi kuona jinsi michango inavyoweza kuwa uwanja wa kutambia, ikatunga mwaka 2003 sheria ya maadili iliyowazuia watumishi wa umma kutumia vyeo vyao kuwashurutisha watu watoe katika harambee. Lakini bunge la kumlazimisha mtu aende akakae na mgonjwa jioni moja halijapata kuchaguliwa.

Atasema mwenye kupiga hesabu, na maneno yake si ya kupuuzwa: yafaa nini kumwaga fedha kwa mtu ambaye hata hivyo atakufa? Tena atakumbusha kwamba utajiri ni kitu, kwani mwaka 2016, mashine pekee ya mionzi ya kutibu saratani nchini Uganda, iliyokuwa katika hospitali ya Mulago, ilipoharibika, wenye uwezo walivuka mpaka kwenda Nairobi, na wasio nao wakabaki wakingoja. Ni kweli, wala methali haikunena kwamba fedha hazifai. Ingenena hivyo ingekuwa ya mpumbavu. Jibu langu limo katika namna ya haja aliyo nayo mtu anayekufa. Mwaka 1993 tabibu Anne Merriman, mzaliwa wa Liverpool, alianzisha mjini Kampala taasisi ya kuwatunza wagonjwa wasiotibika, na dawa yake kuu ilikuwa morfini ya kunywa, unga unaochanganywa na maji, ambao bei yake ni ndogo mno. Serikali ya Uganda ikakubali kuwapa wagonjwa dawa hiyo bure, na mwaka 2004 sheria ikawaruhusu wauguzi waliofundishwa maalumu kuiandika, jambo geni katika ulimwengu wa tiba, ambamo kalamu ya morfini ilikuwa ya daktari peke yake. Usingizi wa usiku mmoja pasi na maumivu haungoji utajiri. Kinachotakikana ni mtu wa kupanda pikipiki aifuate chupa, wa kununua maziwa na sabuni, wa kupokezana zamu ya kukesha na dada yule aliyechoka. Na fedha za beseni hutosha kwa hayo, maadamu yupo wa kuzipeleka.

Kwa sababu hiyo moyo unaosifiwa na methali hauwezi kuwa hamaki ya huruma. Nimeona jamaa wakiuza shamba ili mgonjwa wao apelekwe India, kinyume cha shauri la matabibu na bila yeye mwenyewe kuulizwa, akarudishwa maiti, na watoto wakabaki hawana pa kulima. Huo nao ni utajiri uliojitwalia kiti cha moyo, kwa kudhani kuwa mapenzi hupimwa kwa ukubwa wa gharama. Mchuuzi yule alipoulizwa atakalo, alitaja mambo mawili: alipwe mwanamke wa Malaba aliyekuwa akimdai, na mwanawe alipiwe karo ya muhula. Hapana aliyeyatazamia. Wengine wakanung'unika kwamba hawakutoa ili kulipia madeni ya watu, nayo manung'uniko hayo yalikuwa yamekwisha kufika mlangoni pa masimango, ambayo kwa mafundisho ya Uislamu huibatilisha sadaka, iwe kubwa kiasi gani. Mwenye kutoa na kisha akaendelea kuitawala noti yake ndani ya mkono wa mgonjwa, hajaitoa bado.

Lipo suala moja ambalo wazee wa kamati hulikwepa: mgonjwa akitangulia kabla ya fedha kwisha, zilizobaki ni za nani? Desturi huzipeleka katika maziko, nami sioni kuwa ni vyema, kwani zilitolewa kwa aliye hai. Ziende kwa watoto wake, au kwa mgonjwa mwingine wa maradhi hayo hayo. Na akitokea mtu kudai arejeshewe fungu lake, kama alivyotokea mmoja safari ile, basi arejeshewe papo hapo, kwa fedha ya nchi ile ile aliyokuja nayo, wala asisemwe. Mweka hazina wa Busia alimhesabia noti zake mbele ya watu wawili, akalipiga mstari jina lake daftarini, kisha akaendelea na hesabu ya karo.