Baraza ya Msikiti na Wanaolala Juu Yake

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu zangu Waislamu, mtu atokaye nyumbani kwake kwenda kusali Alfajiri katika mji wetu huu wa Mombasa hana budi kuwapita watu waliolala. Mmoja yu mlangoni pa duka, amejifunika gunia. Mwingine yu juu ya baraza ya msikiti wenyewe, ameweka kichwa juu ya kandambili zake zisije zikaibiwa. Sisi twampita, twaingia, twapanga safu, na huenda imamu akatusomea Suratul Maun, ambayo ndani yake Mwenyezi Mungu amemtia asiyehimiza kulishwa maskini katika hesabu ya wenye kuikadhibisha dini. Twatoa salamu, twatoka, na yule mtu yu pale pale.

Desturi yetu ni kumwita mtu huyu chokoraa, au mwizi, au mvivu. Jina likishapatikana moyo hustarehe, kwani ni nani amhurumiaye mwizi? Serikali ya kikoloni ilikuwa na sheria ya kumshika mtu kwa kuwa hana pa kukaa wala kazi. Sheria hiyo ilifutwa katika Kenya mwaka 1997, lakini hukumu yake ingali midomoni mwetu, nasi twaitoa kila siku pasi kadhi wala shahidi.

Kwa hilo la wizi, nawakumbusha khabari iliyo katika Sahihi ya Bukhari kutoka kwa Bibi Aisha (r.a.). Palikuwa na mwanamke mweusi, kijakazi wa kabila moja la Waarabu, aliyeachwa huru naye akazidi kukaa nao. Siku moja ukapotea mshipi mwekundu wa ngozi wa binti mmoja wa kabila lile. Mwewe aliudhania ni nyama, akaunyakua. Watu wakamtuhumu yule mwanamke, wakampekua hata mahali pasipofaa mtu kupekuliwa. Naye angali amesimama mbele yao, mwewe akapita akautupa mshipi katikati yao. Yule mwanamke akaenda kwa Mtume (s.a.w.), akasilimu, na makao yake yakawa hema ndani ya msikiti. Ndani ya msikiti, ndugu zangu, si barazani. Na wanaume wasiokuwa na mali wala jamaa walikuwa na mahali pao penye kivuli katika msikiti huo huo, paitwapo Suffa, na Abu Huraira (r.a.), ambaye hadithi zake twazisikia katika khutba zetu, alikuwa mmoja wao.

Ama wasemao kuwa ni mvivu, hoja yao ni khabari ya shoka. Wameipokea Abu Daud na Ibn Majah kutoka kwa Anas bin Malik (r.a.), kuwa mtu mmoja katika Ansari alikuja kumwomba Mtume (s.a.w.), naye akamwelekeza anunue shoka akakate kuni. Hapo ndipo wakomeapo wenzetu, tena husema kwa sauti. Lakini natuisome khabari yote. Mtume alimuuliza kwanza nyumbani kwake mna nini. Akajibu kuwa mna nguo nene, nusu waitandika na nusu wajifunika, na bakuli la kunywea maji. Mtume akaviitisha, akavishika kwa mkono wake, akavinadi yeye mwenyewe mbele ya watu. Mtu akasema dirham 1, naye hakukoma, akazidi kunadi hata zikapatikana dirham 2. Moja akamwamuru awanunulie watu wake chakula. Ya pili ndiyo ya shoka. Shoka lilipoletwa, akalitia mpini kwa mkono wake, akamwambia asimwone kwa siku 15. Naye akarudi ana dirham 10.

Basi ewe usemaye «nenda ukafanye kazi», wapi mnada ulionadi? Wapi chakula kilichotangulia shoka? Wapi mpini uliotia? Katika sunna hii yote umechukua neno moja tu, lile la kumwondoa mtu mbele yako, ukaacha mengine yenye taabu. Tena yule Ansari alikuwa na nyumba, hata akaulizwa mna nini ndani yake. Huyu wetu ukimuuliza swali hilo atakuonyesha gunia.

Nami sisemi haya kama mtu aliye nje ya lawama. Katika msikiti ninaosali, sitautaja, palikuwa na mzee aliyelala barazani kwa miaka. Alikuwa akifagia ua baada ya Isha, pasi kuambiwa na mtu. Tukakutana sisi wa kamati. Pakalalamikiwa harufu, na viatu vilivyopotea, ikatolewa rai baraza izungushiwe vyuma. Nami niliinua mkono. Vyuma vikatiwa, vikapakwa rangi nzuri ya kijani, na fedha zake zilitoka katika sadaka za Ijumaa. Mzee hakuonekana tena. Nikaenda kumuulizia huko Mwembe Tayari, na wenye biashara wakaniuliza: jina lake nani? Sikuwa na jibu. Nikarudi kwa wenzangu, na katika sisi sote tuliosali naye safu moja hapana hata mmoja aliyelijua. Na viatu vingali vyapotea.

Watu husema: serikali iko. Ni kweli, na Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 43, imetaja haki ya kila mtu ya makazi, tuidai. Lakini deni la serikali haliondoi deni lako, kama vile saumu ya jirani isivyokuondolea saumu yako. Katika mafungu 8 ya zaka yaliyotajwa katika Suratut Tawba, aya ya 60, wametangulia mafakiri na maskini, na wa mwisho ni mwana njia. Na Sayyidna Umar (r.a.) alipoiweka wakf ardhi yake ya Khaybar, isiuzwe wala isirithiwe, aliwataja katika wenye kula mazao yake mafakiri, na mwana njia, na mgeni. Msikiti wenye maduka ya kukodisha hauwezi kushindwa na kodi ya chumba kimoja cha kulala watu, na choo, na ndoo ya maji. Harufu tuliyoilalamikia ilikuwa ni ya mtu aliyefungiwa choo baada ya Isha.

Basi usiku huu, kabla ya kwenda kwenu, keti karibu na yule aliye barazani. Mwamkie. Muulize jina lake, na la babake, na kwao ni wapi, na amekula nini. Mwingine ana jamaa zake Malindi au Lamu wasiojua alipo, naye hataki ila nauli. Mwingine ni mgonjwa, ataka mtu wa kumfikisha hospitali na kurudi kesho yake kumtazama. Mwingine atakutukana, nawe usimjibu, urudi usiku wa pili.

Sisi tumekubaliana kuving'oa vile vyuma, na fundi amekwisha kuitwa. Mzee hatujampata. Na taufiki ni kwa Mwenyezi Mungu.