Kabla ya Eksozi

Kijana akishalipia ushuru na kukabidhiwa Subaru Impreza WRX yake bandarini Dar es Salaam, rafiki zake humuuliza jambo moja: utaanza na nini? Hawaulizi habari za bima. Wanauliza eksozi yenye mdomo mpana, rimu za inchi 18, springi fupi za kulishusha gari, tinti, na fundi wa kompyuta wa kuongeza nguvu ya turbo. Mpwa wangu yuko hapo sasa. Amenunua ya mwaka 2005, mtumba wa Japani, kwa akiba ya mshahara wake, akaja kuniuliza kabla hajagusa fedha iliyobaki. Namheshimu kwa kuuliza. Jibu nililompa nalitoa hapa kwa sababu wenzake ni wengi.

Kulipenda gari hili si upuuzi. Mwaka 1995 Colin McRae alitwaa ubingwa wa dunia wa rali akiendesha Impreza, na mwaka 1997 akashinda Safari Rally ya Kenya kwa gari la jina hilohilo. Waliofuatilia Safari enzi zile wanakumbuka kwamba magari yake hayakufanana na yaliyokimbia Ulaya. Yalifungwa ngao mbele kwa sababu ya wanyama, bomba la kuvuta hewa likapandishwa juu pembeni mwa kioo ili injini isimeze maji ya mito, na shokapu zikaimarishwa kwa sababu ya mawe. Kila kilichoongezwa kilidaiwa na barabara. Kipimo hicho nakiamini hadi leo: kabla hujafunga kitu, jiulize barabara unayopita kila siku inakudai nini.

Barabara zetu zinadai kwanza gari lisimame. Bodaboda anakatiza ghafla, mtoto anakimbilia mpira, lori limeharibika gizani bila hata tawi la kuwaonya wengine. Ukitoka kilomita 50 kwa saa ukafika 100, nishati ambayo breki zinapaswa kuimaliza inaongezeka mara nne. Nilichuchumaa na fundi gereji tukasoma ubavu wa tairi la nyuma la gari la mpwa wangu. Mwisho wa maandishi yanayoanza na DOT palikuwa na tarakimu nne, 3114, maana yake tairi lilitengenezwa wiki ya 31 ya mwaka 2014. Halikuwa kipara hata kidogo, na muuzaji asingeona sababu ya kulitoa. Lakini fundi alipolibonyeza kwa kidole gumba, nyufa nyembamba zilifunguka kwenye mpira, moja baada ya nyingine, kuzunguka rimu. Mafuta ya breki nayo yalikuwa meusi. Mafuta hayo hunyonya unyevu kadiri yanavyokaa, na yakishanyonya huchemka mapema, hivyo pedali inaweza kuzama hadi chini kwenye mteremko, pale unapoihitaji zaidi.

Kuna na mkanda wa taimingi, ambao kwenye injini hii hubadilishwa kila kilomita 100,000 hivi. Ukikatika, valvu hugongana na pistoni na injini imekwisha. Kilomita zinazosomeka kwenye dashibodi ya mtumba si ushahidi wa kutegemea, kwa hiyo mkanda unabadilishwa bila ubishi. Kuongeza presha ya turbo kungoje. Gari hili lilipangwa kwa petroli ya daraja la juu ya Japani, yenye okteni inayokaribia 100, ambayo vituo vyetu havina. Ukiongeza presha juu ya petroli hafifu, injini hugonga, na pistoni hazidumu.

Jambo ninalolipa uzito kuliko yote hakuna rafiki aliyemwambia. Kampuni ya Takata ya Japani ilitengeneza vifaa vya kujaza mifuko ya hewa, ile inayofumuka kwenye usukani na dashibodi wakati wa ajali. Kemikali iliyomo huharibika ikikaa miaka mingi kwenye joto na unyevu. Siku ya ajali kifaa huweza kulipuka kupita kiasi na kurusha vipande vya chuma usoni na shingoni mwa mtu ambaye mfuko ulikuwa umwokoe. Watu wamekufa hivyo katika nchi kadhaa. Mamilioni ya magari ya kampuni mbalimbali yaliitwa yarudishwe kubadilishiwa kifaa hicho, na Takata ikafilisika mwaka 2017. Zimo na Impreza za miaka ya 2000. Gari lililouzwa nje kabla ya kubadilishiwa limekuja nacho hapa, kwenye mji wenye joto na unyevu karibu mwaka mzima. Namba ya chesesi, iliyoandikwa kwenye kadi ya gari, ndiyo inayotumika kuulizia kwa wakala au kwenye tovuti ya kiwanda kama kazi ilifanyika. Kuuliza hakuna gharama ya kumshinda mtu aliyeweza kulipa ushuru.

Rimu kubwa zenye tairi nyembamba zitakutana na mashimo, na mashimo yatashinda. Springi zilizokatwa kwa grenda zinaweza kuchomoka mahali pake gari likiruka tuta. Eksozi nayo inawahusu watu wengi kuliko mwenye gari. Saa sita za usiku mtaani kuna mgonjwa aliyepata usingizi kwa shida, na kuna mama anayeamka saa kumi kukanda unga wa maandazi. Raha ya mmoja haipaswi kulipiwa na hao.

Mpwa wangu alinisikiliza, kisha akasema, "Mjomba, kwa hiyo hela yote iishie mahali pasipoonekana?" Ndiyo, mwanangu. Iishie hapo. Najua kwa nini inamuuma, na hili tumewafundisha sisi wakubwa: mtu anajenga geti la fahari wakati choo hakijaezekwa, na sisi tunamsifu kwa geti. Vijana wameona sifa zinakokwenda. Kumtaka mmoja wao alipe mshahara wa miezi kadhaa kwa vitu ambavyo hakuna atakayevipigia picha ni kumtaka awe na heshima ambayo haina mashahidi. Mimi naamini anaiweza, ila hataiweza peke yake tukiendelea kupiga makofi kwa mlio wa eksozi.

Kwa hiyo nawaomba wazazi, wajomba na mashangazi wenye uwezo: kijana wenu akinunua gari la namna hii na mkataka kumpongeza, changeni mumnunulie tairi nne mpya. Kisha msindikizeni akaulizie ule mfuko wa hewa, kabla hajampakia mtu kiti cha mbele.