Mbio Mbili za Gehazi

Somo: 2 Wafalme 4:8-37 na 5:20-27

Vijana wetu wameniuliza swali zuri: Mchungaji, je, ni sawa mtu aliyeokoka alipie tisheti aende akimbie mbio za hisani pamoja na watu wa dunia? Nami nawajibu: kimbieni. Mimi mwenyewe nimezikimbia, na Mungu akinipa nguvu nitakimbia tena. Lakini kabla hujafunga kamba za viatu, keti kwanza tusome Neno. Biblia inatuonyesha mtu aliyekimbia mara mbili, kwa miguu ileile, na mbio zake hazikuishia mahali pamoja.

Huku kwetu kukimbia si jambo geni. Wilson Kiprugut wa Kericho ndiye aliyeiletea Kenya medali yake ya kwanza ya Olimpiki, mita 800, Tokyo 1964. Lakini katika mbio za hisani hakuna anayekuuliza umekuwa wa ngapi. Mbio za moyo za hospitali ya Mater, Nairobi, zilianza 2003, na pesa zinazochangwa husaidia watoto wagonjwa wa moyo ambao wazazi wao hawawezi kulipia upasuaji. Mwaka wa 2014 Margaret Kenyatta, aliyekuwa mke wa Rais, alikimbia kwa ajili ya akina mama wanaojifungua, na magari yenye vifaa vya kliniki yakapelekwa kaunti mbalimbali. Hiyo ni kazi njema. Kanisa haliwezi kusimama kando ya barabara likikunja uso.

Sasa tumtazame Gehazi, mtumishi wa Elisha.

Mbio za kwanza ziko sura ya 4. Mwanamke Mshunami alipewa mtoto kwa ahadi ya Mungu. Mtoto akaenda shambani kwa baba yake, kwa wavunaji, kichwa kikamuuma. Akarudishwa nyumbani, na ilipofika adhuhuri akafia magotini mwa mama. Mama hakupiga kelele. Alitandika punda akaenda mlima Karmeli. Elisha alipomwona kwa mbali akamwambia Gehazi: kimbia ukamlaki, umuulize kama yeye, mumewe na mtoto ni wazima. Gehazi akakimbia, akauliza. Na yule mama akajibu nini? Kwamba wote ni wazima! Mtoto amelala maiti kitandani, mama anasema ni salama.

Si tunamjua huyu mama? Hapa kwetu ukiulizwa "Chamgei?" unajibu "Chamgei mising", hata kama nyumbani mambo yameharibika. Mama amebeba kikapu cha majani mgongoni tangu alfajiri, mtoto wake usiku hapumui vizuri, na Jumapili ukimuuliza langoni anasema tuko sawa, Mchungaji, Mungu ni mwema. Gehazi alisikia jibu akaishia hapo. Elisha alipofikiwa na yule mama, alitambua kwamba nafsi yake ina uchungu.

Mbio za pili ziko sura ya 5. Naamani ameponywa ukoma, Elisha amekataa zawadi. Gehazi akamfuata mbio. Safari hii alikimbilia fedha na nguo. Akarudi na talanta mbili za fedha na mavazi mawili, akavificha ndani ya nyumba, na ukoma wa Naamani ukamshika. Ndugu yangu, miguu ni ileile. Asubuhi inaweza kukimbilia mtoto wa mwenzako, na jioni ikakimbilia nguo.

Hebu niseme wazi. Tisheti si dhambi. Lakini ukilipia tisheti, ukapigwa picha, ukaiweka kwenye simu watu wakusifu, halafu Jumatatu ukampita mtoto mgonjwa wa jirani bila kuuliza, wewe umekimbia mbio za pili. Mathayo 6 inatuonya juu ya sadaka ya kuonekana na watu: ukishasifiwa, malipo yako umekwisha kuyapokea.

Kuna jambo lingine. Elisha alimpa Gehazi fimbo aende mbele, aiweke juu ya uso wa mtoto. Akaiweka. Hakuna sauti, hakuna dalili. Mtoto alifufuka pale Elisha mwenyewe alipoingia chumbani, akafunga mlango, akaomba, kisha akajilaza juu yake, kinywa kwa kinywa, macho kwa macho, mikono kwa mikono, mpaka mwili ukapata moto. Fimbo ilitumwa. Elisha alienda mwenyewe.

Mchango wetu wa mbio ni kama ile fimbo. Ni mzuri, utume. Lakini kuna mtoto anayengoja mtu afike.

Nawaambia kwa nini jambo hili linanichoma. Moyo wa watoto wengi huharibika polepole, na chanzo ni kitu tunachokidharau: koo linalouma. Si kila koo, maana mengi hupona yenyewe. Lakini lipo koo linaloletwa na bakteria, hasa kwa watoto wa umri wa kwenda shule, na lisipotibiwa laweza kuleta homa ya baridi yabisi. Viungo vinavimba, leo goti, kesho kiwiko, na homa juu. Uvimbe unaisha, mama anashukuru, kumbe vali za moyo zimeguswa. Baada ya miaka, mtoto anapanda kilima cha kwenda shule akisimama kila hatua kumi. Wenzake wanamwita mvivu. Ugonjwa huu hupenda mahali watu wanapobanana, na tunajua watu wangapi hulala chumba kimoja katika nyumba za mashamba ya chai.

Penisilini ya mapema huweza kuuzuia. Aliyekwisha kuugua huhitaji sindano kila wiki tatu au nne, kwa miaka mingi, bila kuruka. Asiseme mtu kwamba kwenda hospitali ni kukosa imani! Elisha aliomba, na tena akatumia mwili wake. Pale Tenwek, Bomet, ambako wamisheni walianza kazi mwaka 1937 na leo moyo unapasuliwa, kauli yao ni kwamba wao wanatibu, naye Yesu anaponya. Amina?

Kwa hiyo, wapendwa, tufanye hivi. Anayekimbia, akimbie. Lakini kila aliyevaa tisheti achukue mtoto mmoja wa ushirika wake wa nyumbani. Ukiambiwa tuko sawa, usigeuke upesi kama Gehazi. Ingia, keti, muulize mtoto mwenyewe. Koo likimuuma pamoja na homa, mpeleke kliniki usingoje bonasi. Mwenye boda boda, siku ya sindano mbebe mama na mtoto, hiyo ndiyo sadaka yako. Wazee wa kanisa, saidieni familia ambazo hazijajisajili SHA zijisajili. Na mama unayesoma hapa, uliyesema ni salama na si salama: usibebe peke yako. Mshunami hakumwambia Gehazi, lakini hakurudi nyumbani mpaka amemshika miguu mtu wa Mungu. Njoo useme.

Tuombe: Bwana Yesu, wewe hukututumia fimbo, ulikuja mwenyewe ukauvaa mwili wetu. Tupe miguu ya kukimbilia watoto wako, na masikio ya kusikia kilichofichwa nyuma ya salamu. Walioko kitandani wiki hii, waguse. Katika jina lako tumeomba. Amina.