Deni la Mfugaji

Kununua ni tendo la dakika moja, na kufuga ni ahadi ya miaka. Watu wengi hulitenda la kwanza kwa furaha, wakalisahau la pili kwa wepesi. Jambo hili huonekana wazi sana katika ufugaji wa samaki wa mapambo. Kijana aliyejiwekea akiba kidogo huvutwa na rangi za samaki dukani, akamnunua, akamtia katika chombo chochote alichokipata. Siku chache zikipita samaki huelea tumbo juu. Mwenyewe husema, "Fedha yangu haikutosha kununua chombo bora." Basi, msomaji, natulipime swali hili: je, uchache wa fedha humwondolea mfugaji wajibu wake kwa kiumbe anayemfuga?

Wako wanaojibu kuwa humwondolea. Hushika methali isemayo mtu hujikuna ajipatapo, wakasema mwenye kidogo hutenda kidogo. Methali hii ni kweli mahali pake. Asiyeweza kujenga nyumba ya mawe hujenga ya udongo, wala hapana wa kumlaumu. Lakini tazama vema: katika methali hiyo mwasho ni wa mtu mwenyewe, na mkono ni wake mwenyewe. Akikosa kujifikia, ateswaye ni yeye. Katika tangi la samaki mkono ni wa mfugaji na mwasho ni wa samaki. Mfugaji akipunguza, apungukiwaye ni mwingine ambaye hakuulizwa. Ukata ni udhuru wa mtu kujinyima. Si udhuru wa kumnyima yule aliyemfungia mlango.

Wajibu huu ni mzito zaidi kwa kuwa samaki halalamiki. Mbuzi mwenye kiu hulia, mbwa mwenye njaa hufuata miguu ya bwana wake, na kuku aliyebanwa huruka ua. Samaki hana sauti ya kutufikia, wala hana ua wa kuruka. Akikosa hewa hupanda juu na kufumbua kinywa penye uso wa maji, na asiyejua hudhani anacheza.

Dunia yake yote ni yale maji. Humo hula, humo hupumua, na humo hutoa uchafu wake. Uchafu huo huleta amonia, sumu isiyoonekana kwa macho. Wako bakteria waigeuzao amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na wako wengine waigeuzao nitriti kuwa nitrati, ambayo madhara yake ni haba. Bakteria hao hukaa katika chujio na changarawe, na kwa kawaida huchukua majuma 4 hadi 6 kuongezeka hata wakatosha. Katika majuma hayo mfugaji mwema hutia tangini chembe chache za chakula, zioze na kuwalisha bakteria, kabla hajanunua samaki hata mmoja. Atiaye samaki siku ya kwanza amemkaribisha mgeni katika nyumba isiyo na choo.

Kwa hiyo mwenye fedha kidogo na anunue kwa mpango. Kwanza anunue nafasi ya maji. Tangi la lita 40 ni salama kuliko bakuli la lita 5, kwa sababu katika maji mengi sumu hutawanyika, na joto halipandi wala kushuka kwa ghafula. Tangi pana hushinda tangi refu jembamba, maana hewa huingia majini kupitia uso wa maji. Tangi lililokwisha kutumiwa si aibu. Lijazwe maji uani mchana na usiku, ionekane kama linavuja. Akumbuke pia kuwa lita 40 ni kilo 40 za maji peke yake, akague miguu ya meza. Pili, anunue chujio la sifongo liendeshwalo kwa pampu ndogo ya hewa. Tatu, afikiri juu ya joto. Gapi, samaki mdogo mwenye mkia wa rangi nyingi, hupenda maji ya digrii 22 hadi 28 hivi. Mkaaji wa Mombasa hupewa joto hilo bure, lakini mkaaji wa Nairobi au Eldoret, katika baridi ya Julai, hana budi kununua kifaa cha kupasha maji moto, au kuchagua samaki astahimiliye baridi.

Samaki mwenyewe awe wa mwisho katika hesabu. Gapi madume watano wanatosha kwa mwanzo. Wakichanganywa na majike watazaana hata tangi lisiwatoshe. Samaki wa dhahabu ni mstahimilivu wa baridi, lakini bei yake ndogo ni mtego. Huuzwa akiwa kama kidole, naye aweza kupita sentimita 20 na kuishi zaidi ya miaka 10. Anayemnunua kwa ajili ya tangi dogo amemnunulia kifungo.

Pengine utasema, "Kama ndivyo, ufugaji umekuwa wa matajiri." Sivyo. Mnamo 1850 mwanakemia Robert Warington wa London alitangaza habari za jaribio lake. Alikuwa na chombo cha kioo, samaki wawili wadogo na mmea wa majini. Majani ya mmea yalipooza maji yalichafuka; akatia konokono, wakala yaliyooza, maji yakatakata. Hakuwa na pampu ya umeme. Alikuwa na macho ya kutazama na subira ya kungoja. Hata leo mahitaji makubwa ya samaki hayana bei dukani. Maji ya bomba yenye klorini huachwa katika ndoo wazi mchana na usiku, na pale yanapotiwa dawa isiyotoka kwa njia hiyo, hutafutwa dawa ya kuituliza. Robo ya maji ya tangi hubadilishwa kila juma. Sifongo huoshwa kwa maji yaliyotolewa tangini, ili bakteria wasife. Chakula hutolewa kiasi cha kumalizwa kwa dakika mbili. Tajiri mvivu huyashindwa haya yote, na maskini mwangalifu huyaweza.

Mwingine atauliza kwa kejeli, "Samaki tunamla, vipi tumhurumie?" Swali hili lina haki ya kujibiwa. Tunayemla tuna deni la kutomtesa anapokufa. Tunayemfuga tuna deni la kumpa maisha yanayomfaa, maana tulimchukua ili aishi mbele yetu. Madeni hayo ni mawili, na kulipa moja hakufuti la pili.

Ikiwa umepiga hesabu ukaona huwezi, kuacha kununua ni uamuzi wa heshima. Ikiwa ulikwisha nunua ukashindwa, mpe samaki mtu awezaye, wala usimtupe mtoni ukidhani umemfanyia wema. Mbuta alitiwa katika Ziwa Victoria katika miaka ya 1950, tena na watu waliotaka faida ya uvuvi. Aina nyingi za fulu wa ziwa hilo zikatoweka. Mgeni asiyealikwa majini huweza kuwa msiba wa wenyeji.

Basi, kijana, ukisimama dukani na akiba yako mkononi, usiulize tu samaki ni bei gani. Uliza atahitaji nini kesho, na mwezi ujao, na mwaka wa tatu utakapokuwa umemzoea. Utakuja kuwa mzazi, au mwajiri, au kiongozi, na chini ya mkono wako watakuwako watu wasioweza kukudai kwa sauti. Ajifunzaye kulipa deni asilodaiwa, hata kwa samaki wa sentimita tatu, amejifunza uadilifu.