Kura ya Toowoomba

Toowoomba ni mji wa Australia ulio juu ya mlima, kama kilomita 125 magharibi mwa Brisbane. Haupitiwi na mto mkubwa. Maji yake hupandishwa kwa pampu kutoka mabwawa ya Cooby, Perseverance na Cressbrook. Ukame ulipokaza mwanzoni mwa karne hii, mabwawa yakawa yanashuka mwaka hadi mwaka. Mwaka 2005 halmashauri chini ya meya Di Thorley ikatoa mpango: majitaka yasafishwe, yarudishwe bwawani, hatimaye yawe robo ya maji ya mji.

Utaalamu wenyewe haukuwa na mashaka makubwa. Maji yangepitishwa kwenye machujio membamba, yakasukumwa kwa nguvu kupita utando usiopitisha hata chumvi, kisha yakapigwa mionzi ya kuua vijidudu. Windhoek, mji mkuu wa Namibia, ulikuwa ukinywa maji ya namna hiyo tangu 1968.

Kasoro ilikuwa kwenye mpangilio wa mambo. Viongozi walikubaliana kwanza, wakaomba fedha serikali kuu, na mwananchi akaletewa habari mpango ukiwa umekwisha kupikwa. Halmashauri ilitaka kuwaelimisha watu taratibu kwa miaka kadhaa. Serikali kuu, mapema 2006, ikaweka sharti: hakuna fedha bila kura ya maoni. Miaka ya mafunzo ikageuka miezi.

Wapinzani hawakuhitaji miezi. Walijiita Wananchi Wanaopinga Kunywa Majitaka, na jina hilo peke yake lilikuwa hotuba nzima. Mji ukabandikwa jina la utani lenye kinyesi ndani yake. Wenye nyumba wakahofia bei kuanguka, wafanyabiashara wakahofia wateja. Mtaalamu akija na jedwali la vipimo, jirani anajibu kwa neno moja, choo, na mjadala umekwisha. Nisieleweke vibaya: hofu ile haikuwa ujinga. Mama anayemtilia mtoto wake maji kikombeni ana haki ya kuuliza mtambo ukiharibika usiku nani atajua, na asikasirikiwe kwa kuuliza. Waliomwona mshamba ndio waliompoteza.

Tarehe 29 Julai 2006 watu wakapiga kura. Takriban asilimia 62 walikataa.

Mvua haikupiga kura. Mabwawa yaliendelea kukauka, na serikali ya jimbo la Queensland ikalazimika kujenga bomba la kupandisha maji mlimani kutoka bwawa la Wivenhoe. Lilikamilika 2010, kwa gharama ya karibu dola milioni 187 za Australia, zaidi ya maradufu ya makadirio ya mradi uliokataliwa, bila kuhesabu umeme wa pampu.

Na Wivenhoe nako kuna habari yake. Januari 2007 waziri mkuu wa jimbo, Peter Beattie, alifuta kura ya maoni kuhusu kunywa majitaka yaliyosafishwa, iliyopangwa kwa wakazi wa kusini-mashariki mwa Queensland, akasema ukame hauwaachii nafasi ya kuchagua. Mitambo ya kusafisha majitaka ikajengwa. Baadaye serikali ikaamua kwamba maji hayo yataingizwa Wivenhoe pale tu akiba ya mabwawa itakaposhuka chini ya asilimia 40. Bomba la Toowoomba linachota kwenye bwawa hilohilo.